Mwaka Nilipolisha Kuku Dagaa

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini leo ukifika Masuguru pale Korogwe ukauliza yale mabanda marefu manne ya kuku ni ya nani, utaonyeshwa kwa kidole. Mashine ya kuchanganya chakula cha mifugo ni yangu, gari la kusambaza ni langu, na wasomi wa kwenye nyumba za kituo cha umeme kule Hale wananipigia wenyewe: "Mzee Rajabu, tuwekee kuku kumi wa Jumamosi, tuna ugeni." Nimeona mengi. Nimeona nyoka kameza yai la plastiki nililomtegea kuku, akashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nimeona lori la mahindi limelala ubavu na dereva wake anatokea dirishani anaulizia chai. Kwa hiyo simu ilipoingia kuniambia Bibi Mwanaidi wa Chanika amefariki, nilivaa kanzu yangu, nikapakia gunia la mchele, nikashika njia ya Handeni kama mtu anayekwenda msibani, basi. Nilijua nitalia kidogo, nitakula, nitarudi. Sikujua kwamba yule bibi, ambaye nilipanga chumba kwake mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa ameniachia neno moja, nalo limekaa miaka kumi na sita likinisubiri.

Tulizika baada ya adhuhuri. Wanaume tuliketi mikekani nje ya ua, na nyuma yangu, upande wa pili wa ule ukuta wa fito na udongo, wanawake walikuwa wanaosha sahani. Mtu akikaa kimya msibani anasikia mengi. "Nywele zile, jamani," alisema mmoja, "nyeupe kama pamba." Mwingine akajibu, "Tumemsuka mikia mitatu, na kila mkia mnene kama wa mwari. Bibi amekwenda na nywele zake zote." Nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza kama chai imeniunguza, nikamwambia hapana, vumbi limeniingia. Halafu nikasikia sauti nyingine, ya mwanamke wa makamo, ikitokea upande wa lango: "Rajabu Dagaa! Bado unawalisha kuku kama paka?" Dunia nzima ni mtu mmoja tu anayeniita Rajabu Dagaa. Alikuwa Daktari Anjela, Msambaa wa milimani Lushoto, kajifunga kitenge na kujitanda mtandio kwa heshima ya msiba wa Waislamu, mvi zimemtoka kwenye paji. Nikamwambia, "Na nyie bado mnakula viazi mpaka harusini?" Watu wakacheka kidogo kwa chini. Lakini mimi na yeye tuliangaliana, na nadhani sote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kimoja: zile nywele.

Mwaka ule mimi nilikuwa kijana wa kujiamini kuliko pesa nilizokuwa nazo. Nyumba ya Bibi Mwanaidi ilikuwa na vyumba vinne vya tofali mbichi, na changu kilikuwa cha mwisho, kinachotazama uani. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na magunia: pumba za mahindi upande huu, mashudu ya alizeti upande ule, na katikati, karibu na kichwa changu, magunia ya dagaa. Si dagaa wa kula. Kule sokoni Korogwe wauza dagaa wakimaliza siku wanafagia meza zao, na kinachobaki ni vichwa, mikia na vumbi la samaki. Wengine wanakitupa. Mimi nilikinunua kwa bei ya kuchekesha, nikakileta Chanika juu ya keria ya basi, na kondakta aliniweka siti ya nyuma peke yangu, maana hakuna aliyetaka kukaa nami. Nguo zangu zilinuka dagaa, mto wangu ulinuka dagaa, na nilipokwenda kumsalimia binti mmoja niliyekuwa namwania, paka wa kwao ndiye aliyenipokea. Lakini sikujali. Wafugaji wengine waliweka dagaa kibaba, mimi niliweka debe. Kuku wangu wa nyama waliumuka kama maandazi. Wiki ya tatu mwenzangu ana kuku kama ngumi, mimi nina kuku kama boga. Nilikuwa nasimama mlangoni pa banda nimeshika kiuno, nawaambia wapita njia, "Hii siri haipo kwenye kitabu chochote." Na kweli haikuwepo, maana mwenye kitabu angeniambia niache.

Siri yangu ya pili ilikuwa maranda ya mbao ya kutandika bandani. Kila kundi la kuku likiuzwa, mfugaji anatakiwa kuzoa maranda ya chini, kupiga deki, kuacha banda lipumzike, kisha kuweka mapya. Mimi nilisema huo ni ufujaji. Niliingiza vifaranga wapya juu ya maranda ya kaka zao, na wakifuata wengine, juu ya hayo hayo. Sakafu ikawa kama godoro. Kuzunguka vyombo vya maji palikuwa pameloa wakati wote, na ukiingia asubuhi macho yanawasha. Nikawa najisifu kwamba banda langu halina baridi.

Bibi Mwanaidi naye alikuwa na kuku, wa kienyeji, kama kumi na tano hivi, wasio na banda wala ratiba. Walilala jikoni, wakashinda wanaparura mchwa na majani mpaka kwa majirani. Niliwacheka. "Bibi, hawa kuku wako wembamba utawauza lini?" Yeye alikuwa anakoroga bada, ule ugali mweusi wa mihogo, na sufuria ya mlenda iko pembeni inatoa povu. "Siwauzi, mwanangu, nakaa nao." Hakuwahi kunipa sahani bila kunitia neno. Ikiwa nimechelewa: "Mpangaji akilala na njaa anamtia mwenye nyumba aibu, kula." Ikiwa nimewahi: "Leo umenusa, eh? Pua yako si imekufa na dagaa?" Alikuwa mfupi, mwepesi, na nywele zake, hata wakati ule zilishakuwa nyeupe, alizisuka mwenyewe kila Alhamisi akiwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa. Nasema hili kwa sababu nataka ijulikane: nilikula chakula cha yule mama mwaka mzima. Hakuna siku aliyonipimia.

Vuli ya mwaka ule ilizidi, na kuku wakaanza kufa. Kwanza niliona kinyesi chenye wekundu, kuku wachache wamejikunyata, manyoya yamesimama kama wana baridi. Nikasema itapita. Kisha wakaanza kufa wale wanene. Jioni anakula, anagombana na wenzake, asubuhi amelala chali kakauka. Nilimpasua mmoja, nikaona utumbo umejaa upepo kama puto, mwembamba unakaribia kupasuka, na nilipoukata, ndani ulikuwa kama taulo kuukuu lililosahaulika kwenye maji, na harufu yake iliyashinda magunia yangu yote ya dagaa. Siku ile nilizika kumi na mmoja. Kesho yake tisa. Kundi lile lilikuwa na mia mbili, na nilishatangaza kwa watu kwamba nikiliuza nitajenga. Mtu aliyekwisha kujisifu, jamani, haumwi na hasara tu. Anaumwa na kicheko cha watu.

Sasa sikilizeni jinsi akili inavyomdanganya mwenyewe. Kwenye genge la kahawa, pale karibu na kinyozi, mtu mmoja aliuliza, wala hakuwa na nia mbaya: "Hivi kuku wa Bibi Mwanaidi wanakufa?" Nikasema hapana. "Hata mmoja?" Hata mmoja. Mwingine akapuliza kahawa yake, akasema, "Uani pamoja, hewa moja, maji bomba moja. Wako wanakwisha, wake wanataga. Mimi sisemi kitu." Hilo neno la mimi-sisemi-kitu ndilo baya kuliko yote. Nililala nalo. Na alfajiri yake, niliporudi msikitini mapema kuliko kawaida, nilimkuta Bibi anatoka bandani kwangu. Mkononi ana kibati kilichokunjwa, na midomo yake inatembea. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu," akasema, akapita zake kwenda jikoni kama mtu aliyetoka kuchota maji. Niliingia ndani nikachutama. Kwenye maranda palikuwa na unga wa kijivujivu umemwagwa. Nikaukusanya kidogo, nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga kifuniko, nikaliweka juu ya dari. Nikasema, ushahidi ninao.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwa Mzee Mhando, mtu wa kujiepusha na mambo. Nilimkuta kibarazani anasikiliza redio, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi nimesikia kwa sikio moja, hili lingine liko kwenye redio. Serikali haitaki mambo hayo." Lakini nilipoinuka akaniita, akanipa namba ya simu iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Ilikuwa namba ya lambalamba. Asiyewajua ni mgeni kwetu: ni wale watoa uchawi wanaozunguka mji kwa mji, wanaingia nyumba ya mtu, wanatoka na hirizi waliyokuja nayo wenyewe, kisha wanamkalisha kikongwe katikati ya watu na kumnyoa nywele zote. Nilimjua bibi mmoja wa kijiji cha jirani aliyenyolewa. Hakupigwa, hakufukuzwa. Aliamka asubuhi moja akaondoka mwenyewe na mkeka wake, na mahindi yake walivuna wengine. Nilikuwa nayajua yote hayo wakati nabonyeza ile namba. Nataka kuwa mkweli, nilijua. Upande wa pili mtu akaniambia wana kazi nyingi, lakini baada ya wiki sita, Jumatano, basi la asubuhi kutoka Korogwe, watashuka watatu.

Katika wiki hizo sita ndipo Daktari Anjela alipoingia. Hakuwa daktari bado, alikuwa anasomea, na alihitaji banda lenye balaa. Ofisi ya mifugo ikamwelekeza kwangu, jambo ambalo nililichukulia kama sifa. Alikuja na buti za mvua na daftari, akasalimia, akaingia bandani, akatoka macho yanamchuruzika machozi. "Kaka, unawalisha nini?" Nikamwambia siri haiulizwi. "Siri inanuka mpaka barabarani," akasema. "Mimi nasomea hivi: chakula kinachangia nini na maambukizi yanachangia nini, mpaka utumbo wa kuku uoze. Nipe banda mwezi mmoja. Vifaranga nanunua mimi." Nikamwambia shida yangu si utumbo, shida yangu ni sumu, nikataka apime sumu. Akanitazama sana. "Sawa, na sumu tutaiangalia. Nani anakuwekea sumu?" Nikamwambia atamjua Jumatano ya mwezi ujao. Sikumwambia zaidi.

Kundi lile lilipokwisha, alinifanya nizoe maranda yote. Siku nne nilizoa, na jasho lililonitoka siku zile sijalitoa tena mpaka nilipojenga. Kisha akagawa banda kwa wavu kuwa vyumba vinne, vifaranga ishirini kila chumba, na akanieleza kwa kunichorea mchangani kwa kijiti. Chumba cha kwanza chakula cha kawaida, basi. Cha pili, mchanganyiko wangu wa dagaa, debe kamili, bila kulipunguza. Cha tatu chakula cha kawaida, lakini vifaranga wake, wakifika umri fulani, atawanywesha vijidudu vya kuhara damu alivyovitoa kwenye kinyesi cha kuku wangu wa zamani. Cha nne dagaa wangu na vile vijidudu, vyote pamoja. Akafunga mlango kwa kufuli mpya. Ufunguo akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni. "Hapa haingii mtu bila mimi. Hata wewe." Nikafurahi sana, maana niliona huo ndio mtego wenyewe. Bibi peke yake ndiye aliyenung'unika. Alipita mlangoni, akaligusa lile kufuli, akasema, "Mmefunga. Na ndani pakiloa je?" Nikamwangalia, nikasema moyoni, anatafuta njia.

Wale wanawake wawili walipatana kuliko nilivyopenda. Daktari alikuwa analala nyumba ya wageni, lakini mchana alikula kwa Bibi, na mimi nikakaa nao kwa sababu chakula kilikuwa pale. "Kula bada, mwanangu, milimani kwenu hamna." "Bibi, hii inanata kama gundi." "Ndiyo inakaa tumboni. Ninyi Wasambaa mnakula vitu vinavyoteleza, ndiyo maana mna mbio." Daktari alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilikuwa nakula nimeinamisha kichwa. Kuna mambo hayawezekani, na mojawapo ni kula mlenda wa mtu huku unahesabu siku zake. Tonge la kwanza linapita, la pili linakwama.

Wiki zikaenda. Chumba cha pili, dagaa watupu, kikang'aa. Kuku wamejaa vifua, wazima, wanawapita wale wa kwanza kwa uzito. Nikashika tena kiuno changu. "Nilikwambia! Dagaa wangu hawaui." "Nimeona," akasema Daktari, "nimeandika." Kisha akavinywesha vyumba viwili vile vijidudu. Chumba cha tatu kilidhoofika: kinyesi chekundu, kuku wamekonda, wawili wakafa, waliobaki wakaanza kujikongoja. Nikasema, basi, na kuhara damu nako hakuui sana. Tukahamia cha nne. Daktari alifungua mlango asubuhi moja, akainama kuwaokota. Tulitoa saba. Kesho yake watano. Walikuwa wale wale wanene wangu, chali, wamekauka, na alipowapasua nikauona tena ule upepo, ule wembamba, lile taulo kuukuu. Nikahisi kama mtu ameniita jina nyuma.

Nikasema, "Unaona? Kaingia." Ilikuwa Jumanne mchana, na Jumatano ndiyo kesho. Daktari akavua glavu zake polepole. "Nani kaingia?" "Mwenye sumu." Akashika ule uzi wa shingoni. "Kufuli ni moja, ufunguo ni huu, nimelala nao. Kapita wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Wale hawahitaji ufunguo." Hakunicheka. Akanishika bega, akanisimamisha kwenye wavu kati ya chumba cha pili na cha nne. "Haya, tuseme hahitaji ufunguo. Hawa ni kuku wako, na hawa ni kuku wako. Dagaa huyu, na dagaa huyu, gunia moja. Kwa nini hawa kawaruka?" "Na hawa wa tatu kawagusa kidogo tu? Kaka Rajabu, mchawi gani huyo anayefuata daftari langu?" Nimesema hakuna kitu cha kunishangaza. Siku ile sikushangaa. Niliishiwa.

Akanieleza, na nimewaeleza wafugaji mamia tangu siku ile kwa maneno yake yale yale, wakidhani ni yangu. Utumbo wa kuku ni kama gunia. Kuhara damu kunalitoboa gunia vitundu vitundu, na kuku mwenye chakula cha kawaida anaweza kuvumilia mpaka vizibe. Lakini ndani ya utumbo huo huo kuna vijidudu vingine vinavyokaa siku zote bila fujo, kama wapangaji wapole. Ukishatoboa gunia, halafu ukamwaga dagaa debe zima, umewaandalia karamu kwenye nyumba isiyo na mlango. Wanazaana, wanatema sumu yao, na kuku mnene anakufa na chakula mdomoni. "Sumu unayoitafuta ipo," akasema. "Imetengenezwa humo humo tumboni. Chakula peke yake hakikutosha, maambukizi peke yake hayakutosha. Wewe ulileta vyote viwili, na maranda yaliyoloa ukavitandikia." Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo, kuku wa Bibi je? "Wale wanaokota vijidudu hivyo kidogo kidogo tangu udogoni, miili inazoea. Wanakula mchwa na majani, hawalali juu ya kinyesi cha ndugu zao. Wangekufa kwa lipi?"

Mtu akizama anashika hata povu. Nilikimbilia chumbani, nikaliteremsha kopo langu kutoka darini. "Na hii je?" Nikamweleza ile alfajiri, kibati, midomo inayotembea. Daktari akafungua, akauchota ule unga kwa kidole, akausugua, akaunusa. Kisha, kabla sijamshika mkono, akatoka nalo kwenda jikoni. "Bibi, hii unaijua?" Bibi Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele wa wageni, maana alisikia Daktari anakaribia kuondoka na alitaka kumpikia pilau. Akachungulia ndani ya kopo. "Jivu langu hilo. Limefuata nini kwenye kopo la maziwa?" Akanigeukia. "Rajabu, unakusanya jivu? Si useme? Jikoni hapa lipo tele." Daktari akamuuliza alikuwa analipeleka bandani kufanya nini. "Si pameloa! Huyu mtoto pua yake imekufa, hasikii harufu. Kila akienda kuswali naingia namwaga jivu kwenye maji, angalau wakanyage pakavu. Na kusoma dua kidogo, maana alikuwa anatia huruma. Ninyi mkaja mkafunga." Daktari akakaa chini kwenye kigoda, akacheka mpaka akalia. Alisema hata watu wa vyuoni wangemwambia mfugaji akaushe sakafu vile vile, kwa hiyo Bibi alikuwa amekwisha kuanza tiba peke yake, bure, wakati mwenye kuku anamtafutia wembe. Hilo la wembe hakulisema yeye. Nalisema mimi. Yeye alikuwa hajui.

Nilimwambia Daktari nilipomsindikiza langoni. "Kesho wanakuja." Nani? "Lambalamba. Niliwaita mimi." Akaacha kucheka kama taa iliyozimwa. "Unawazuiaje?" Nikamwambia hilo aniachie. Mimi elimu sina, lakini watu wananijua kwa kuongea.

Asubuhi nilikuwa stendi kabla basi halijafika. Wakashuka watatu na mifuko yao ya turubai, mmoja kavaa koti refu na jua lile. "Ndiye wewe mwenye tatizo?" "Ndiye mimi, lakini mchawi ameshapatikana." Wakaangaliana, maana kazi yao ndiyo hiyo. "Nani?" "Mimi." Nikavua kofia. Wiki ile nilikuwa nimetoka kwa kinyozi, kichwa kinang'aa kama yai. "Na kunyoa nimeshajinyoa mwenyewe, hapa hamna kazi." Mwenye koti akasema wametoka mbali, hawawezi kurudi hivi hivi, akaanza kupandisha sauti, na watu wakaanza kugeuza shingo. Nikawaketisha upesi kwenye benchi la mama muuza chapati, nikawaagizia soda na chapati, nikawaongelesha mambo ya mvua mpaka basi likageuza. Nikawakatia tiketi za kurudi Korogwe kwa mkono wangu, elfu nne kila mmoja. Basi lilipopinda kona nikakaa pale pale kwenye benchi, nikavuta pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia wiki sita. Chanika ilikuwa imeamka kama siku zote, mtu anapiga gari honi, mwingine anafagia. Nilirudi nyumbani nikamkuta Bibi amekaa juu ya kinu anafumua nywele zake. "Umeamkia wapi?" "Stendi, bibi." "Chai ipo," akasema. Sikumwomba radhi. Kila nikifungua kinywa niliona ni heri asijue alivyokuwa karibu na ule wembe. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwisho wa mwezi nilimpelekea kodi yake, elfu kumi na tano. Akahesabu, akanirudishia elfu kumi na mbili. "Mwezi huu nipe elfu tatu tu." Nikadhani uzee umeanza kumchanganya, na mimi kijana wa mjini sikumsahihisha. Nilitia mfukoni nikaenda kununua maranda mapya. Miaka yote nimekuwa nikiisimulia hiyo kama bahati yangu, jinsi nilivyoanza biashara safi kwa kodi ya elfu tatu.

Basi, siku ya msiba, jua linashuka, binti wa Bibi, Mama Zuhura, akaniita pembeni ya ua. Ni mtu mzima sasa, mpole, ana macho ya mama yake. Nikampa pole tena. Akasema, "Mama alitaka siku moja nikuambie, lakini alisema nisubiri asiwepo, usije ukaona haya mbele yake. Yule mama wa chapati pale stendi ni mtoto wa dada yake. Alimwambia siku ile ile." Nikasema, nini? "Kwamba uliwaita, na kwamba uliwarudisha. Alijua vyote." Nimesema hakuna kitu cha kunishangaza duniani. Nilishika ule ukuta wa fito. Miaka kumi na sita nikimpelekea mchele wa Idi, nikimtania, yeye anajua, na ananipakulia. Nikamuuliza alisema nini. Mama Zuhura akatabasamu. "Alisema, nauli za wale watu nimemrudishia kwenye kodi, maana kuondosha balaa langoni ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini soda na chapati simrudishii hata senti. Aliyewaita wageni ndiye anayewalisha."

Soda tatu, mia tano mia tano. Chapati sita, mia mbili mbili. Shilingi elfu mbili na mia saba.